Kabla Nyumba Haijabomolewa: Kibali, Mwenye Haki na Ukuta wa Jirani

Mvua zinapokatika katika nyanda za juu za Iringa, mafundi wa Tosamaganga, Kalenga na vijiji jirani huanza kupata kazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia hupitika, matofali hukauka, na familia zilizodunduliza kwa mwaka mzima huona kwamba wakati umefika wa kuiondoa nyumba ya zamani na kuinua mpya mahali pake. Kila msimu wa kiangazi maswali yaleyale hufikishwa kwa watendaji wa vijiji na kata. Je, mtu anayebomoa nyumba yake mwenyewe, juu ya kiwanja chake mwenyewe, anahitaji ruhusa ya nani? Na ikiwa amekwisha kumlipa fundi na sululu ziko begani, ana haja gani ya kuandika barua?

Haja ipo, na chanzo chake ni tabia ya kazi yenyewe. Ukuta uliojengwa vibaya unaweza kusimamishwa, ukakaguliwa na kurekebishwa. Nyumba iliyobomolewa hairudi. Mambo yote ambayo ingeweza kuyathibitisha, kwamba ilikuwa na vyumba vingapi, ilikuwa umbali gani kutoka mpaka wa jirani, nani alikuwa akiishi humo, na ilikuwa na thamani gani, huondoka pamoja na kifusi. Kibali cha kubomoa ni njia ya kuyauliza maswali hayo wakati nyumba bado ipo na inaweza kuyajibu.

Ardhi ya aina gani?

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaeleza kwamba ndani ya eneo lililotangazwa kuwa eneo la mipango, hakuna mtu anayeruhusiwa kuendeleza ardhi bila idhini ya mamlaka ya mipango. Uendelezaji katika sheria hiyo ni neno pana: linahusu shughuli za ujenzi na uhandisi zinazofanyika juu ya ardhi au chini yake, pamoja na mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo au kiwanja. Anayebomoa nyumba ya kuishi ili ajenge fremu za maduka, kwa mfano, anagusa mambo yote mawili kwa mpigo mmoja.

Nje ya maeneo hayo, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Hapo ndipo uvumi wa kwamba kijijini hakuna kibali ulipozaliwa. Ukweli ni kwamba usimamizi upo, ila mlango wake wa kwanza ni ofisi ya kijiji badala ya ofisi ya mipangomiji. Aidha, sheria ndogo za halmashauri kuhusu usafi, taka na hifadhi ya barabara humfuata mwenye nyumba popote alipo.

Tosamaganga ina ugumu wake wa pekee katika jambo hili. Mahali hapa pamekua kutokana na misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye kushikwa na Wakonsolata. Kando ya kanisa pana hospitali, shule, nyumba za watumishi, na kisha nyumba na mashamba ya wananchi. Mtu anaweza kutembea dakika chache tu na kuvuka kutoka ardhi ya taasisi hadi ardhi ya kijiji bila kuona alama yoyote. Anayeishi katika nyumba iliyo kwenye ardhi ya taasisi, hata kama ameishi humo miaka thelathini na kuifanyia ukarabati kwa fedha zake, hana mamlaka ya kuibomoa bila maandishi ya taasisi yenye ardhi hiyo. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumpelekea Afisa Mtendaji wa Kijiji ni hili: kiwanja hiki kiko katika ardhi ya nani, na kimeingizwa katika mpango au la? Asipokuwa na uhakika, ofisi za ardhi na mipangomiji za halmashauri ndizo zenye ramani.

Nyumba ya marehemu

Mashauri mengi ya ubomoaji yanayoishia barazani hayahusu nguzo wala matofali. Yanahusu nyumba ya baba au mama aliyefariki.

Chukulia familia yenye watoto wanne. Baba amefariki, mama yu hai lakini anakaa kwa binti yake Iringa mjini kwa sababu ya matibabu. Mtoto wa tatu ndiye aliyebaki nyumbani, ndiye anayelima, ndiye aliyemuuguza mzee. Paa linavuja na ukuta wa nyuma umeinama. Anaona hana sababu ya kungoja; anatafuta fundi, anabomoa, anaanza msingi. Mwezi mmoja baadaye kaka mkubwa anarudi kutoka Mbeya na kukuta uwanja mtupu. Kuanzia hapo mazungumzo hayahusu tena paa lililokuwa linavuja. Yanahusu nyumba iliyotoweka na nia iliyokuwa nyuma ya kutoweka kwake.

Kijana huyo huenda alikuwa na nia njema kabisa. Lakini kisheria hakuwa na mamlaka. Mali ya marehemu husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi vijijini mahakama hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kumpendekeza msimamizi. Peke yake haumpi mtu mamlaka. Mamlaka hutokana na Fomu Na. IV ya mahakama. Na hata mwenye fomu hiyo hajawa mwenye nyumba. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, kisha kurejesha mahakamani orodha ya mali na hesabu za mgawanyo. Msimamizi anayebomoa nyumba iliyomo katika orodha bila ridhaa ya warithi ameondoa mali ambayo atatakiwa kuitolea maelezo.

Kuhusu mjane, lipo jambo linalosahauliwa mara nyingi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Na wakati ndoa ingali hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuuza, kukodisha, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Sheria hiyo haikutaja kubomoa kwa jina. Hata hivyo afisa makini hatapokea ombi la mume la kubomoa nyumba wanayoishi yeye, mke na watoto bila kuona sahihi ya mke, wala la mke bila sahihi ya mume. Sahihi hiyo huchukua dakika moja kuipata pale ambapo nyumba ina amani. Pale inapokosekana, kukosekana kwake ni habari ambayo ofisi inapaswa kuijua mapema.

Mgogoro ukiwa umekwisha kujitokeza, kibali husubiri. Baraza la Ardhi la Kijiji husikiliza na kupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, limebaki na kazi ya usuluhishi, na shauri ambalo halikusuluhishwa huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wananchi wengine huja na kibali cha ubomoaji wakidhani kwamba karatasi hiyo imekata shauri la umiliki. Haikulikata. Kibali husema tu kwamba kazi inaweza kufanyika kwa namna fulani. Hakimpi mtu ardhi ambayo si yake, wala hakimwondoi mpangaji ndani ya nyumba.

Kuna kundi jingine linalopaswa kutulia kabla ya kushika sululu: wenye nyumba zilizo kando ya barabara kuu au za mkoa, au mahali ambapo mradi wa umma unatajwa. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara hizo ilipanuliwa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali. Aliyekuwa amejenga kihalali katika zile mita zilizoongezwa ana dai tofauti na la aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani. Lakini fidia hufuata uthamini, na mthamini hupima jengo lililosimama. Anayeona alama ya X ukutani na kukimbilia kuokoa mabati yake kabla ya uthamini huenda akaokoa mabati na kupoteza nyumba.

Ombi lenyewe

Barua ya maombi huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ikipitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Mtendaji wa Kata, ambao huweka maoni yao na mihuri. Barua haihitaji maneno mengi. Ieleze jina la mmiliki, mahali nyumba ilipo kwa kitongoji na kijiji, namba ya kiwanja kama kimepimwa, nyumba imejengwa kwa nini na kuezekwa kwa nini, inabomolewa yote au sehemu, nani ataifanya kazi hiyo, na kifusi kitapelekwa wapi. Iambatanishwe na nakala ya hati, iwe hatimiliki, hati ya hakimiliki ya kimila au uthibitisho wa Serikali ya Kijiji. Nakala ya kitambulisho. Ridhaa ya mwenzi au warithi inapohusika. Na picha za nyumba kutoka pande zote nne. Picha za simu zinatosha. Ni jambo dogo, lakini katika ugomvi wa mpaka au mirathi picha hizo mara nyingi huwa ndizo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Anayekusudia kujenga tena aombe vibali vyote viwili kwa pamoja, kwa maana kibali cha kubomoa si kibali cha kujenga. Maombi ya vibali vya ujenzi hupokelewa pia kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Zimekuwapo familia zilizobomoa kwa haraka, kisha zikaelezwa kwamba mchoro wao hauwezi kupitishwa kwa sababu sehemu ya kiwanja imo katika njia ya maji au hifadhi ya barabara. Familia ya namna hiyo huingia masika ikiwa haina nyumba ya zamani wala mpya.

Ada zinazotozwa ni zile zilizomo katika sheria ndogo na kanuni, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali, kupitia benki au simu. Fedha taslimu mkononi mwa mtu, hata awe na kitambulisho cha ofisi, si malipo ya kibali. Mwananchi adai stakabadhi.

Baada ya maombi kupokelewa, wataalamu hufika kukagua: mhandisi au fundi sanifu wa majengo, afisa afya au mazingira, na pale mpaka unapotia shaka, afisa ardhi. Siku hiyo mwenye nyumba anafaa awepo yeye mwenyewe, na majirani wa pande zote waarifiwe. Mipaka mingi ya vijijini haina bikoni. Ina mstari wa minyaa, mti wa zamani, au pembe ya nyumba hiyohiyo inayotaka kuondolewa. Pembe hiyo ikiwa ndiyo alama ya mpaka, iwekwe alama nyingine mbele ya jirani na mwenyekiti wa kitongoji kabla haijaguswa.

Umeme, maji na paa la kijivu

Hakuna kazi inayoanza kabla umeme haujakatwa na TANESCO. Kuzima swichi kuu hakutoshi, kwa sababu waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita bado una umeme. Mita ni mali ya shirika na huondolewa na watumishi wake, si fundi wa mtaani. Mwenye nyumba ana sababu nyingine ya kuifuatilia mita: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na jengo lililotoweka huku mita yake ikibaki katika kumbukumbu huweza kuleta usumbufu wa madeni baadaye. Kwa upande wa maji, aliyeunganishwa na mradi wa kijiji aijulishe jumuiya ya watumia maji, ambayo husimamiwa na RUWASA, ili bomba lifungwe kwenye tawi. Bomba lililovunjika chini ya kifusi linaweza kuvujisha maji ya kitongoji kizima usiku kucha.

Paa linastahili maelezo marefu zaidi. Baadhi ya majengo ya miongo iliyopita, yakiwemo ya kuishi, yaliezekwa kwa mapande magumu ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Mapande hayo huonekana ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana kuliko ya bati, na mara nyingi yameota ukungu na kuvu. Yakigongwa hayalii kama chuma, na yakianguka huvunjika kama kigae. Yakiwa mazima na yametulia juu ya kenchi, hatari yake ni ndogo. Yakivunjwa, kukatwa kwa msumeno au kutupwa kutoka juu, hutoa nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, na ugonjwa huweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya mtu kuvuta vumbi hilo. Fundi wa miaka ishirini na mitano leo huenda akaugua akiwa na wajukuu.

Katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 na kanuni zake, taka za namna hii ni taka hatarishi, na uondoaji, usafirishaji na utupaji wake unahitaji kibali chini ya usimamizi wa NEMC. Anayeshuku kwamba paa lake ni la asbesto aseme hivyo katika barua ya maombi na asiruhusu mtu yeyote kupanda juu. Wapo wanaoyaomba mapande hayo ili wajengee mabanda ya kuku au wafunikie mashimo. Huo si ukarimu wa kuutoa.

Kubomoa kwa mpangilio

Nyumba hubomolewa kinyume cha ilivyojengwa: paa kwanza, kisha kenchi na boriti, kisha kuta kutoka juu kushuka chini, mwishowe msingi. Mafundi wengi wanaijua kanuni hii na wengi huivunja kwa ajili ya haraka. Huchimba chini ya ukuta, wakafunga kamba juu na kuuvuta uanguke mzima mzima. Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo haufuati kamba. Huanguka upande uliolegea. Hatari kubwa zaidi ni ile pembe tatu ya ukuta inayobaki imesimama baada ya kenchi kuondolewa, kwani paa ndilo lililokuwa likiishikilia. Upepo wa alasiri wa mwezi Agosti unatosha kuiangusha. Iteremshwe siku ileile paa linapoondolewa.

Kuta za udongo, zikiwemo za nyumba za tembe ambazo bado zinaonekana huku na huku katika wilaya, zina tabia nyingine. Zikiwa kavu hustahimili. Zikilowa bila paa hushuka ghafla. Ndiyo maana kibali kinachotolewa kuelekea Novemba huja na sharti la kumaliza kazi kabla ya mvua, na ndiyo maana nyumba iliyoezuliwa na kuachwa hadi masika ni hatari kwa watoto wanaopita kwenda shule.

Kwa anayebomoa sehemu tu, yaani anayetaka kutoa ukuta mmoja ili sebule iwe pana, onyo linaongezeka. Si kila ukuta ni wa kugawa chumba tu. Baadhi hubeba linta, jamvi au paa. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa huko Kariakoo, Dar es Salaam, liliporomoka wakati watu wakiwa ndani na kuua zaidi ya watu 20, na baada yake serikali iliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Tosamaganga haina ghorofa za Kariakoo, lakini ukuta unaobeba paa la vigae hubeba uzito mkubwa. Paa la vigae vya udongo ni zito mara nyingi kuliko la bati, na kuta zilizokusudiwa kulibeba haziondolewi kwa kukisia.

Mkandarasi anayepewa kazi ya jengo kubwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kwa nyumba ndogo ya familia, mafundi wa kijiji hufanya kazi, na wajibu wa usalama wao uko mikononi mwa anayewaajiri, hata akiwa ni mjomba wao: kofia ngumu, buti, glovu na barakoa, uzio wa kamba au mabanzi kuzunguka eneo, na maji ya kunyunyiza ili vumbi lisiingie nyumba ya jirani. Nyumba inayogusana ukuta na ya jirani haiguswi hadi ukuta wa pamoja uwekewe mihimili. Ni vyema hali ya nyumba ya jirani ipigwe picha pia, nyufa zake za zamani zikionekana, ili zisije zikadaiwa kuwa mpya.

Mabaki yanayofaa, na yasiyopaswa kuguswa

Nyumba nyingi nyeupe za chokaa na vigae vyekundu zilizoipa Tosamaganga sura yake zilijengwa enzi za misheni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na humpa Waziri uwezo wa kutangaza mengine ya baadaye. Majengo ya misheni hayafikii umri wa kwanza, kwa hiyo kinga yake hutegemea tangazo au uamuzi wa mwenye nayo. Hata pasipo tangazo, mwenye jengo la namna hiyo angefanya vizuri kuuliza kama linaweza kukarabatiwa. Jengo la Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani, halikubomolewa kwa ajili ya uzee wake. Tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Na vigae vya zamani vilivyoteremshwa kimoja kimoja kwa mkono vina soko, jambo ambalo lingemfanya fundi ashuke ngazi polepole.

Kule Kalenga, ambako ngome ya Mtwa Mkwawa ilibomolewa na majeshi ya Wajerumani mwezi Oktoba 1894, mabaki ya kuta zake yamo miongoni mwa makazi ya watu. Anayechimbua msingi wa zamani akakuta ukuta usioeleweka, vyombo au silaha, asimamishe kazi hapo na kutoa taarifa kwa mtendaji au kwa makumbusho ya kijijini hapo. Hivyo hivyo kwa makaburi ya familia yaliyo karibu na nyumba: yatajwe katika barua ya maombi na yazungushiwe uzio, na pasiwepo wa kuyahamisha kwa makubaliano ya mwenye kiwanja na fundi peke yao.

Kifusi kisimwagwe kwenye mtaro, korongo wala kingo za mto. Matofali mazima husafishwa na kutumika tena. Vipande vyake ni vizuri kwa kujazia sakafu au mashimo ya barabara, kwa maelekezo ya mtendaji. Vioo, misumari na nyaya hutengwa. Kinachosahauliwa karibu kila mara ni shimo la choo cha zamani. Nyumba inapoondoka, banda la choo huondoka pia, na shimo hubaki limefunikwa kwa magogo yaliyooza na nyasi juu yake. Lifukiwe kwa udongo na kifusi safi, lishindiliwe kwa tabaka, na mahali pake paoneshwe katika mchoro wa nyumba mpya ili msingi usipite juu yake.

Kazi ikikamilika, mwenye kibali huijulisha ofisi ya mtendaji, na mkaguzi hurudi. Hutazama kama kiwanja kimesafishwa, kama alama za mpaka bado zipo, kama bomba limefungwa na mita imeondolewa. Huuliza shimo la choo lilikuwa wapi, na huomba asogezwe hadi hapo alikanyage.